Sukari kwa mafuta: Deni la Cuba lililoandikwa kwa sarafu isiyoshikika

Na Mwandishi Wetu

JULAI 2014, Bunge la Urusi liliidhinisha mkataba wa kuifutia Cuba asilimia 90 ya deni lililotokana na enzi za Muungano wa Kisovieti. Deni hilo lilikuwa limehesabiwa kuwa dola za Marekani bilioni 35.2. Kiasi kilichosalia, takriban dola bilioni 3.5, kilipangwa kulipwa kwa awamu 20 katika kipindi cha miaka 10, tena kwa makubaliano kwamba fedha hizo zitumike katika miradi ndani ya Cuba yenyewe.

Kwa kisiwa kilichokuwa na watu wapatao milioni 11 wakati huo, deni la kiasi hicho lilikuwa sawa na dola 3,200 kwa kila raia, mtoto mchanga akiwamo. Hata hivyo, hakuna Mcuba aliyewahi kupewa dola hizo. Deni lilitokana na mafuta ghafi, ngano, trekta, vipuri na mitambo, upande wa pili wa mizani ukiwa ni sukari. Tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka iliandikwa katika vitabu vya benki mjini Moscow kwa rubli ambazo hazikuweza kushikwa mkononi, wala kubadilishwa katika duka lolote la fedha duniani.

Namna deni hilo lilivyozaliwa, na namna lilivyozua ubishi wa zaidi ya miaka 20 baada ya dola iliyokopesha kutoweka, ni mfano mzuri wa jinsi nchi za kijamaa zilivyofanya biashara wakati wa Vita Baridi.

Uhusiano huo ulianza mwaka mmoja tu baada ya Fidel Castro kuingia madarakani. Februari 1960, Naibu Waziri Mkuu wa Kisovieti, Anastas Mikoyan, alifika Havana na kutia saini mkataba wa biashara. Moscow iliahidi kununua sukari, ambayo hatimaye ingefikia tani milioni moja kwa mwaka, na kutoa mkopo wa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 2.5 kwa ajili ya mitambo. Sehemu moja tu kati ya tano ya thamani ya sukari ndiyo ingelipwa kwa fedha taslimu. Sehemu nne zilizobaki zingelipwa kwa bidhaa, mafuta yakiwa ya kwanza katika orodha.

Wakati huo sukari ilikuwa takriban asilimia 80 ya mauzo ya Cuba nje ya nchi, na mnunuzi mkuu alikuwa Marekani, iliyoinunua kwa mgawo maalumu na kwa bei iliyozidi ya soko la dunia. Kwa hiyo bei ya upendeleo haikuwa jambo geni kwa Wacuba. Kilichobadilika ni aliyeitoa.

Mabadiliko hayo yalikwenda kwa kasi. Juni 1960 mafuta ya Kisovieti yalipowasili, kampuni za Texaco, Esso na Shell zilikataa kuyasafisha katika viwanda vyao vilivyokuwa nchini Cuba. Serikali ilivitaifisha viwanda hivyo. Siku chache baadaye, Rais Dwight Eisenhower alifuta tani 700,000 zilizokuwa zimebaki katika mgawo wa sukari wa mwaka huo, na Moscow ikatangaza kwamba ingezichukua tani hizo zote. Februari 1962, Rais John Kennedy alikamilisha vikwazo vya biashara. Ndani ya miaka miwili, nchi iliyoko kilometa 150 hivi kutoka Florida ilikuwa ikitegemea mafuta yanayovuka bahari kutoka upande wa pili wa dunia.

Kazi ya kutafuta wanunuzi wengine ilimwangukia Ernesto Che Guevara, aliyekuwa ameteuliwa Novemba 1959 kuwa Gavana wa Benki Kuu ya Cuba. Mwishoni mwa mwaka 1960 aliongoza ujumbe uliozunguka nchi za kijamaa za Ulaya na Asia, na kurejea na mikataba ya sukari. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuja kuwa mkosoaji mkali wa biashara hiyo. Februari 1965, katika mkutano uliofanyika Algiers, alihoji inawezekanaje nchi za kijamaa ziuziane na mataifa maskini kwa bei zilizopangwa na soko la mabepari, kisha zikauita uhusiano huo manufaa ya pande zote. Alisema kwamba kufanya hivyo ni kushiriki kwa namna fulani katika unyonyaji. Moscow haikufurahishwa. Miezi miwili baadaye Guevara alipita Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma na kuingia Kongo, ambako wapiganaji wake walipewa majina ya namba za Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu.

Lawama yake ilikuwa nzito, ingawa kwa upande wa Cuba hesabu zilikuwa zimeanza kuonyesha vingine. Januari 1964, Castro alitia saini mjini Moscow makubaliano ya kuuza sukari tani milioni 24 kati ya mwaka 1965 na 1970, kwa bei isiyobadilika ya senti 6 za dola kwa ratili moja, kipimo ambacho ni chini kidogo ya nusu kilo. Mwaka 1966 na 1967 bei ya soko la dunia ilikuwa imeshuka hadi chini ya senti 2. Bei ya kirafiki ilikuwa mara tatu ya bei ya sokoni.

Si kwamba Wasovieti walikosa sukari kabisa. Nchi yao ilikuwa mzalishaji mkubwa wa sukari itokanayo na viazisukari. Lakini viazi hivyo huvunwa majira ya kupukutika kwa majani, na viwanda vya Ukraine vilivyovisindika vilibaki bila kazi sehemu kubwa ya mwaka. Sukari ghafi ya Cuba, ambayo miwa yake huvunwa kuanzia Desemba hadi Mei, iliviweka viwanda hivyo kazini. Palikuwa na mantiki ya uchumi ndani ya urafiki huo, ingawa haikutosha kueleza bei.

Rubli iliyokuwa daftarini tu

Baraza la Kusaidiana Kiuchumi, lililofahamika zaidi kwa jina la Comecon, liliundwa Januari 1949 na Muungano wa Kisovieti, Bulgaria, Czechoslovakia, Hungary, Poland na Romania. Ujerumani Mashariki iliingia mwaka 1950, Mongolia mwaka 1962, Cuba mwaka 1972 na Vietnam mwaka 1978. Wanachama hawakuwa na fedha ya pamoja. Sarafu zao hazikubadilishwa sokoni, na dola walizokuwa nazo walizitunza kwa manunuzi ya nchi za Magharibi.

Kwa sababu hiyo, Januari 1964 benki ya pamoja ilianza kazi mjini Moscow, ikitumia sarafu ya kihesabu iliyoitwa rubli ya kuhamishika. Noti yake haikuchapwa kamwe. Ilikuwa namba tu ya kuandikia nani kapeleka nini kwa nani.

Inafanana na daftari la mwenye duka wa mtaani anayeandika madeni ya majirani. Mwenye kuleta maziwa anaandikiwa salio, anachukua unga na mafuta ya taa, na mwisho wa mwezi hesabu zinalinganishwa bila fedha kubadilishana mikono. Utaratibu huo huenda vizuri maadamu duka lina bidhaa na mwenye duka yupo. Lakini salio lililoandikwa humo halinunui kitu katika duka la mtaa wa pili.

Na hapo ndipo jina la sarafu hiyo lilipopotosha. Rubli ya kuhamishika haikuhamishika. Kama Cuba ilikuwa na salio kwa Bulgaria, isingeweza kwenda nalo Czechoslovakia na kudai injini, kwa kuwa injini zote za Czechoslovakia zilikuwa zimekwisha kugawanywa katika mipango ya miaka mitano. Kilichohesabika si salio, bali orodha ya bidhaa iliyotiwa saini na maofisa wa pande mbili. Matokeo yake, kila nchi ilijitahidi kusawazisha biashara yake na kila mshirika mmoja mmoja, na asiyeweza kusawazisha aliandikiwa deni.

Njia ya kulipana kwa bidhaa haikuwa ya wanachama wa Comecon peke yao. China, ambayo haikuwa mwanachama, ilipoikopesha Tanzania na Zambia yuan milioni 988 bila riba kwa ajili ya reli ya Tazara, gharama za ujenzi za ndani ya nchi zililipwa kwa kuagiza bidhaa za Kichina kwa mkopo na kuziuza madukani. Mapato ya bidhaa hizo ndiyo yaliyolipa mishahara ya vibarua.

Kuhusu bei, Comecon ilikuwa na kanuni iliyoonekana kuwa ya ajabu kwa nchi zilizokusudia kuachana na ubepari, kwani ilinakili bei za soko la kibepari. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 bei za kila mwaka zilitokana na wastani wa bei za dunia za miaka mitano iliyotangulia. Mafuta yalipopanda bei mara nne baada ya mgogoro wa mwaka 1973, wanachama waliendelea kuyapata kwa nafuu kwa miaka kadhaa, wakati nchi maskini zisizo na mafuta, zikiwamo za Afrika Mashariki, zilibanwa papo hapo. Mwaka 1986 bei ya dunia iliporomoka, na kanuni ile ile ikawageukia. Walijikuta wakilipa zaidi ya wale walionunua sokoni.

Sukari ya Cuba ilipewa utaratibu wa pekee. Mwishoni mwa mwaka 1972, Moscow ilikubali kuahirisha malipo ya deni hadi mwaka 1986 bila riba, na kupandisha bei ya sukari. Baadaye bei hiyo ilifungamanishwa na bei za bidhaa ambazo Cuba ilinunua kutoka huko, mafuta yakiwa mbele. Mwaka 1985, sukari ilipouzwa kwa wastani wa senti 4 kwa ratili katika soko la dunia, bei ya Kisovieti ilikuwa karibu senti 40 ukiibadilisha kwa kiwango rasmi cha rubli.

Tofauti hiyo ndiyo iliyofanya wachambuzi wa Marekani wakadirie ruzuku ya mabilioni ya dola kila mwaka. Makadirio hayo yanahitaji tahadhari. Senti 40 hizo hazikuwa fedha, zilikuwa haki ya kuchukua trekta ya Kisovieti kwa bei ya Kisovieti, na trekta hiyo mara nyingi ilikula mafuta mengi na isingepata mnunuzi Ulaya Magharibi kwa bei hiyo. Mtu akipandisha bei ya anachonunua na anachouza kwa pamoja, ukubwa wa zawadi hauonekani kwa urahisi. Kwamba zawadi ilikuwapo, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni kiasi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mafuta. Katika miaka ya 1980 Cuba ilipangiwa takriban tani milioni 13 kwa mwaka, na iliruhusiwa kuuza nje kwa fedha za kigeni kile ilichobana matumizi. Kufikia katikati ya miaka hiyo, nchi isiyokuwa na visima vya maana ilipata fedha nyingi za kigeni kwa kuuza mafuta ya Kisovieti kuliko kwa kuuza sukari yake yenyewe. Zaidi ya hayo, kuna miaka ambayo mavuno hayakutosha, na Cuba ikalazimika kununua sukari ya nchi nyingine katika soko la dunia ili itimize ahadi zake kwa Moscow. Katika mfumo wa kawaida hilo lingekuwa wazimu. Kwa bei hizo, ilikuwa biashara nzuri.

Kamba ya mafuta

Manufaa hayo yalikuwa na masharti yake. Januari 2, 1968, Castro alitangaza mgawo wa petroli kwa kuwa mafuta ya Kisovieti hayakuongezwa kulingana na mahitaji. Pande hizo mbili zilikuwa katika mvutano juu ya kuunga mkono wapiganaji wa msituni Amerika ya Kusini. Agosti mwaka huo, majeshi ya Kisovieti na washirika wake yalipoingia Czechoslovakia, Castro aliyaunga mkono hadharani. Wanahistoria wengi wanayaona matukio hayo kuwa na uhusiano.

Sharti la pili lilikuwa la kimyakimya na liliumiza zaidi. Kadiri bei ya sukari ilivyokuwa nzuri, ndivyo sababu ya kulima kitu kingine ilivyopungua. Mapinduzi yalikuwa yameanza kwa kulaani utegemezi wa zao moja. Mwaka 1970 taifa zima lilielekezwa kwenye lengo la tani milioni 10 za sukari, ofisi na viwanda vikiachwa ili watu wakakate miwa. Zilipatikana takriban milioni 8.5. Ilikuwa rekodi, lakini sekta nyingine zilivurugika, na Julai 26 mwaka huo Castro alikiri kushindwa mbele ya umati.

Baada ya hapo Cuba iliingizwa rasmi katika mgawanyo wa kazi wa Comecon. Ilipangiwa sukari, nikeli na matunda jamii ya machungwa. Wakazi wa Ujerumani Mashariki walizoea machungwa ya Cuba yaliyofika yakiwa na maganda ya kijani na nyuzi nyingi, wakayafanyia mzaha, lakini mengine hayakuwapo. Mjini Holguín kilijengwa kwa msaada wa Kisovieti kiwanda cha mashine za kuvunia miwa, chenye uwezo wa kutengeneza mashine 600 kwa mwaka. Mwaka 1983 ulianza ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia huko Juraguá, karibu na mji wa Cienfuegos. Mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya nje ya Cuba ilikuwa na nchi za Comecon.

Januari 1990, wakiwa mjini Sofia, wanachama wa Comecon waliamua kuanza kulipana kwa fedha za kigeni na kwa bei za dunia kuanzia Januari 1, 1991. Poland, Hungary na Czechoslovakia zilikuwa zimekwisha kubadili serikali na hazikuona sababu ya kuendelea na daftari la zamani. Juni 28, 1991 Comecon ilivunjwa rasmi mjini Budapest. Desemba mwaka huo Muungano wa Kisovieti nao ulifikia mwisho.

Kwa Cuba, mafuta yaliyoingia kutoka huko yalishuka hadi chini ya tani milioni 2 mwaka 1992. Uchumi ulipungua kwa takriban theluthi moja kati ya mwaka 1989 na 1993. Serikali ilikiita kipindi hicho Kipindi Maalumu. Baiskeli zaidi ya milioni moja ziliagizwa kutoka China, maksai walirudishwa mashambani mahali pa trekta zilizokosa dizeli, na umeme ulikatika kwa saa nyingi kila siku. Chakula cha wastani kwa mtu kilishuka kutoka karibu kalori 2,900 kwa siku hadi chini ya 1,900. Kati ya mwaka 1992 na 1993, watu zaidi ya 50,000 walipatwa na maradhi ya neva yaliyodhoofisha macho na miguu, ambayo watafiti waliyahusisha na upungufu wa vitamini. Kituo cha Juraguá kilisimamishwa Septemba 1992 na hakijawahi kuwasha taa hata moja.

Thamani ya namba

Likabaki deni. Machi 1990, gazeti la Izvestia la Moscow lilikuwa limechapisha kwa mara ya kwanza orodha ya nchi zilizodaiwa na Muungano wa Kisovieti. Cuba ilikuwa ya kwanza, ikiwa na rubli bilioni 15.49.

Hizo ni dola ngapi? Jibu lilitegemea anayeulizwa. Kwa kiwango rasmi cha wakati huo, dola moja ilikuwa kama rubli 0.6, na deni lingefikia karibu dola bilioni 25. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 1992 dola moja ilinunua zaidi ya rubli 400 katika soko la Moscow. Kwa kiwango hicho, deni lote lisingefika dola milioni 40, fedha ambayo Cuba ingeweza kuilipa kwa shehena chache za sukari.

Urusi, iliyorithi mali na madai ya Kisovieti, ilishikilia kiwango cha zamani. Havana ilijibu kwamba aliyekopesha hayupo tena, sarafu iliyokopeshwa haipo tena, na kwamba kama ni kudaiana, basi ihesabiwe pia hasara ya mikataba iliyovunjwa ghafla na mitambo iliyoachwa nusu. Mwaka 1997 Urusi iliingia katika Klabu ya Paris, umoja wa nchi zinazodai, na madai yake ya enzi ya Kisovieti yakatambuliwa kwa kiwango cha zamani, kwa sharti la kuyapunguza sana. Jambo hilo halikuihusu Cuba peke yake. Ethiopia, Msumbiji na Tanzania nazo zilikuwa katika orodha ya wadaiwa ambayo Urusi iliirithi.

Cuba haikuafiki kwa miaka mingine 16. Makubaliano ya mwaka 2013, yaliyoidhinishwa mwaka 2014, yaliipa kila upande kitu: Urusi ilipata kutambuliwa kwa namba yake, na Cuba ikapata kutoilipa. Vladimir Putin alitua Havana wiki ile ile ambayo utaratibu wa kufuta deni ulikamilishwa, akiwa na mazungumzo ya mafuta na umeme.

Sukari yenyewe haikusubiri. Mwaka 2002 serikali ilianza kufunga karibu nusu ya viwanda 156 vilivyokuwapo, na mwaka 2011 Wizara ya Sukari ikafutwa. Mavuno yaliyokuwa yakizidi tani milioni 8 mwaka 1990 yalishuka chini ya nusu milioni mwaka 2022, kiwango kisichotosheleza hata mahitaji ya ndani.

Mikopo kutoka Moscow, kwa upande wake, ilikuwa imerejea. Kati ya mwaka 2006 na 2019 Urusi iliipa Cuba mikopo mipya yenye jumla ya dola bilioni 2.3, kwa ajili ya umeme, reli na ununuzi wa mafuta. Februari 22, 2022, siku mbili kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, Bunge la Urusi lilipitisha kuahirishwa kwa malipo ya mikopo hiyo hadi mwaka 2027.